Kutoka ndegeni hadi kwenye treni ya masafa marefu: njia ya Frankfurt, kama nilivyomwelekeza mama

"Mwanangu, kumbe treni yenyewe ya mchana! Nitapata hata nafasi ya kujinyoosha kidogo pale uwanjani." Hivyo ndivyo mama alivyoniambia kwenye simu wiki mbili kabla ya safari. Nilikuwa nimemtumia tiketi ya treni kwa WhatsApp, imeandikwa 08:53. Yeye akaona nane, akasoma saa nane. Nikamwambia, mama, hiyo ni saa tatu kasoro dakika saba, asubuhi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi wameandika vibaya."

Mimi ni muuguzi, naishi Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Ndege zitokazo kwetu hazitui hapa. Kila anayenijia anashukia Frankfurt, kisha anapanda ile treni ya kasi, ICE, kwa kama saa mbili. Nimeshampokea mama, mdogo wangu wa kiume, binamu wawili na mke wa mjomba, na kila mmoja nimemwelekeza kwa simu mpaka sauti ikakauka. Sasa nayaandika. Ukienda Köln, Stuttgart au Mannheim, sehemu kubwa ya maelezo haya ni yale yale.

Tuanze na saa, maana ndiyo iliyotaka kumpoteza mama. Tiketi za Ulaya zinahesabu kuanzia usiku wa manane, 00:00 mpaka 23:59. Ukiona namba kabla ya saa sita mchana, ondoa sita ukiweza, na kama haiondoki au inabaki sifuri, ongeza sita: 08:53 ni saa mbili na dakika 53, 05:40 ni saa kumi na moja na dakika 40 alfajiri. Mzee wako mwandikie kwa maneno kwenye karatasi, tena uandike "asubuhi" au "usiku" pembeni. Jambo la pili: wakati wa kiangazi Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayekuja na saa ya mkononi ya kawaida, kama mama, hatajua. Mwambie aigeuze akiwa bado kwenye kiti cha ndege, rubani anapotangaza saa za huko.

Sasa tiketi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipochomwa.

Mara yangu ya kwanza kuja nilikuwa mwanafunzi, sina hela, nikanunua tiketi ya treni ya bei ya chini kabisa miezi miwili kabla. Ndege ilipangwa kutua saa kumi na mbili asubuhi, treni nikaipanga saa mbili kasoro dakika saba. Nikapiga hesabu: karibu saa mbili nzima, nitafanya nini na muda wote huo? Ndege ikachelewa dakika 50. Foleni ya pasipoti ikala nyingine 40. Begi langu likatoka la mwisho kabisa, limefungwa kamba ya katani na baba, nikaliona kwa mbali likija peke yake kama mtu aliyefukuzwa kwao. Nilipofika stesheni treni ilikuwa imeondoka zamani. Na ile tiketi haikuwa na thamani tena. Nililipa upya, mara tatu ya ile ya kwanza, kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya kodi ya chumba.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, linauza tiketi za masafa marefu za aina mbili kubwa. Kuna Flexpreis, ya bei ya juu, ambayo kwa siku uliyoichagua unapanda treni yoyote ya njia yako. Na kuna Sparpreis na Super Sparpreis, za bei nafuu, ambazo zinakufunga kwenye treni ile ile iliyoandikwa. Wenyewe wanaita Zugbindung. Treni ikichelewa kiasi kwamba utafika mwisho wa safari yako dakika 20 au zaidi baada ya saa iliyoandikwa, ile kamba inakatika, unaruhusiwa kupanda nyingine. Lakini ikichelewa ndege, kamba haikatiki. Kwao ndege si habari yao. Ulinunua treni, treni ilikuja, wewe hukuwepo.

Kwa hiyo ukitua kutoka nje ya Ulaya una njia tatu za kweli.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kumuuliza wakala au shirika la ndege kama tiketi yako inaweza kuunganishwa na Rail&Fly. Hii ni tiketi ya treni inayouzwa pamoja na ndege. Haikufungi kwenye treni moja, na wakati wa kuja inafanya kazi siku unayotua na siku inayofuata. Ndege ichelewe itakavyo, unapanda treni inayofuata. Tahadhari moja: mara nyingi unachopewa kwanza ni namba tu, na namba si tiketi. Lazima uibadilishe iwe tiketi yenyewe kwenye mtandao kabla ya kusafiri. Binamu yangu mmoja alimwonyesha kondakta karatasi ya wakala yenye namba, akaishia kusimamishwa kwenye ujia wa behewa nami niko kwenye simu najaribu kueleza. Lufthansa wana yao pia, Express Rail, ambapo ICE yenyewe inapewa namba ya safari kama ndege, na ukichelewa wao ndio wanaokupangia treni nyingine.

Njia ya pili ni kutonunua chochote kabla. Unatua, unatoka, unaona umetoka saa ngapi, ndipo unanunua kwa simu kwenye programu ya DB Navigator au kwenye mashine. Ni ghali, lakini treni za ICE haziishiwi tiketi kama basi letu la kwenda Tanga wakati wa sikukuu. Kiti kinaweza kukosekana, ukasimama, lakini tiketi ipo. Usipande bila tiketi ukitegemea kondakta akuuzie ndani. Tangu Januari 2022 hawauzi tena ndani ya treni. Ukichelewa sana unaweza kununua kwenye simu mpaka dakika 10 baada ya treni kuondoka, basi.

Njia ya tatu ni ile ya kufungwa, lakini uache nafasi ya kutosha. Mimi siachi chini ya saa tatu kutoka muda wa kutua ulioandikwa. Mama alipangiwa kutua saa kumi na mbili kasoro, treni saa tatu kasoro dakika saba. Mdogo wangu alinicheka, eti ninamkalisha mama stesheni kama mzigo. Mama alifika jukwaani zimebaki dakika 25.

Ukinunua, angalia jina la stesheni herufi kwa herufi. Unayoitaka ni Frankfurt Flughafen Fernbahnhof, stesheni ya masafa marefu iliyoko uwanjani, iliyofunguliwa mwaka 1999. Frankfurt Hauptbahnhof ni stesheni kuu ya mjini, siyo hiyo. Frankfurt (Oder) ni mji mwingine kabisa, mpakani na Poland. Na hapo hapo uwanjani kuna stesheni ya pili, Regionalbahnhof, chini ya Terminal 1, ya treni za karibu. Ile ina njia za reli namba 1 hadi 3, ya masafa marefu ina namba 4 hadi 7. Tiketi yako ikisema Gleis 6, yaani njia ya reli namba 6, nawe umesimama panapoandikwa 2, umepotea jengo zima. Wenyeji wako wenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za karibu, wakikwambia wao husafiri bila kununua kitu, waambie haipandi ICE.

Haya, ndege imetua. Kinachokula muda kwanza ni pasipoti. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuwaandikisha kwa kompyuta wageni wanaoingia kwa muda mfupi, mahali pa ule muhuri tuliouzoea. Wanakupiga picha ya uso na kuhifadhi tarehe yako ya kuingia. Alama za vidole ulishaziacha ulipoomba viza, lakini unaweza kuambiwa uziweke tena wazilinganishe. Mara ya kwanza ndiyo inayochukua muda zaidi. Mwenye kibali cha kuishi kama mimi hapiti huko. Afisa anaweza kuuliza unakwenda kwa nani, utakaa siku ngapi, utarudi lini. Kwa hiyo barua ya mwaliko, bima ya safari, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji viwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi kubwa. Nimeona mtu anaelezea kwamba barua yake iko ndani ya sanduku, na sanduku liko upande wa pili wa afisa.

Kama unapitia kwanza mji mwingine wa Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, mathalani Amsterdam, pasipoti inakaguliwa kule, na Frankfurt unatoka moja kwa moja kwenye mizigo.

Kisha forodha. Nisemeje bila kumuudhi mama? Nyama na maziwa, na chochote kilichotokana navyo, haviruhusiwi kuingia na msafiri kutoka kwetu. Samli ni maziwa. Ndiyo, hata iliyochemshwa nyumbani na bibi. Machungwa ya Muheza na maembe yanataka cheti cha afya ya mimea. Yanayopita bila cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Samaki mkavu anaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa wako salama, ila wafunge mara tatu, maana utakaa nao saa mbili kwenye behewa lililofungwa madirisha. Wakikusimamisha wakafungua begi, ile treni uliyofungwa nayo haikungoji.

Mzee mwenye magoti mabovu mwombee kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi ya ndege, angalau saa 48 kabla. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya huduma hiyo ni ya bure kwa anayeihitaji. Mama alisita, akisema watu watadhani ni mgonjwa. Alipopitishwa foleni ya pembeni akanipigia simu kunieleza kwamba kijana aliyemsukuma ni mpole sana na hajaoa.

Ukishatoka mlango wa forodha, tafuta mabango yenye picha ya treni na neno Fernbahnhof. Kutoka kumbi za kuwasili za Terminal 1 unapanda juu, unavuka daraja lililofunikwa linalopita juu ya barabara, unaingia kwenye jengo refu la vioo. Treni ziko chini ya jengo hilo. Ukiwa na mizigo hesabu dakika 10 hadi 15. Tumia lifti, si ngazi za umeme, kama una mabegi mawili ya kilo 23. Ukitua jengo jingine lisilo Terminal 1, panda ile treni ndogo ya uwanjani, SkyLine, na uongeze nusu saa kwenye hesabu zako. Nenda chooni ukiwa bado uwanjani, ni bure. Stesheni vyoo vingi vya Ujerumani vinataka sarafu.

Aliyezoea SGR ya Dar es Salaam atashangaa hapa. Kule unafika mapema, mzigo unapita kwenye mashine, kitambulisho kinaangaliwa, unangoja ukumbini mpaka mfunguliwe. Frankfurt hakuna geti, hakuna mashine, hakuna anayekuuliza kitu. Unashuka tu mpaka jukwaani. Mama alikataa kushuka, akasema bado hatujakaguliwa. Ukaguzi uko ndani ya treni. Kondakta anapita, anasoma ile alama ya mraba kwenye tiketi, na anaweza kutaka pasipoti, kwa hiyo jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Iweke tiketi kwenye simu ukiwa bado nyumbani, na ubebe nakala ya karatasi, kwa sababu simu huzima siku ambayo umepanga isizime.

Jukwaani angalia ubao wa juu. Maneno manne ya Kijerumani yanatosha. Gleis ni njia ya reli. Wagen ni behewa. Verspätung ni kuchelewa. "Fällt aus" maana yake haiji kabisa. Jukwaa ni refu na limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea. Ubao unaonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi gani. Simama hapo mapema. Treni husimama dakika chache tu, na kukimbia jukwaa zima na masanduku mawili ni adhabu ambayo simtakii mtu. Nyakati nyingine wanatangaza kwamba mabehewa yamekuja kwa mpangilio wa kinyume. Hapo utawaona Wajerumani wote wanahama kwa pamoja kimya kimya kutoka huku kwenda kule. Wafuate. Na ikitokea umebaki nyuma, ingia mlango wowote ulio karibu, utatembea ndani kwa ndani. Angalizo: baadhi ya ICE ni treni mbili zilizounganishwa, kati yake hakuna njia, na zinaweza kuachana mbele kila moja ikaenda kwake. Soma jina la mji ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda.

Msije na picha ya kwamba treni za Wajerumani ni saa ya ukutani. Mwaka 2024, kwa hesabu za Deutsche Bahn wenyewe, treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na kwao kuchelewa chini ya dakika sita hakuhesabiwi kuwa ni kuchelewa. Kwa hiyo usiogope ubao ukibadilika. Ukifika mwisho wa safari umechelewa dakika 60 unastahili kurudishiwa robo ya nauli, na ukichelewa dakika 120, nusu. Unaomba kwenye programu ile ile uliyonunulia. Wengi wetu hatuombi, sijui ni aibu au uvivu. Mimi naomba.

Kwa wanaotua kwingine, kwa kifupi. Schiphol ya Amsterdam ndiyo rahisi kuliko zote: stesheni iko chini ya ukumbi wenyewe wa kuwasili, na kwa treni za ndani ya Uholanzi unagusisha kadi ya benki unapoingia na unapotoka, haufungwi na treni yoyote. Charles de Gaulle ya Paris ina stesheni ya TGV, treni ya kasi ya Wafaransa, pale Terminal 2, lakini TGV tiketi yake ni ya treni maalumu na milango hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka. Wafaransa hawabembelezi.

Ukishapanda, weka begi kubwa kwenye nafasi ya mizigo karibu na mlango au katikati ya behewa, na ukae mahali unapoliona. Kiti si lazima kulipia, ila kwa mzee au mwenye watoto lipia, ni euro chache. Kikae kabla ya dakika 15 kupita tangu treni iondoke, baada ya hapo mwingine anaruhusiwa kukikalia. Kama hukulipia, tafuta kiti ambacho ubao mdogo wa juu hauna majina ya miji. Na usikae behewa lenye alama ya kidole mdomoni ikiwa unategemea kupiga simu Tanga kusema umefika. Mke wa mjomba alitangaza kuwasili kwake kwa sauti ya shambani katika behewa la kimya, na akaniambia baadaye kwamba watu wa huku wanakodoa macho sana.

Kwa Freiburg, treni inapita Mannheim, Karlsruhe, Offenburg. Ikishaondoka Offenburg imebaki kama nusu saa, anza kusogeza mizigo mlangoni. Ukipitiwa na usingizi, treni inaendelea mpaka Basel. Basel ni Uswisi, lakini viza ya Schengen inaingia, hakuna atakayekukamata. Shuka Basel Bad Bf, ile stesheni ya kwanza ya Basel, ukate tiketi ya kurudi. Mke wa mjomba alifika huko. Nilimkuta jioni amekaa jukwaani Freiburg juu ya begi lake, anakula nazi.